Jina la Ciriaco Kwenye Daftari la Kura

Kiwanda cha San Honorio, Tucumán
14 Juni 1964

Dada yangu Eulogia,

Ni matumaini yangu u mzima, na kwamba baridi ya Buenos Aires haijakurudishia kile kikohozi. Sisi huku hatujambo. Mguu wa Mama bado unamsumbua. Anakuomba ile dawa ya kuchua uliyomletea mwaka juzi. Michungwa ya uani imezaa mpaka matawi yanagusa chini, na hakuna wa kuyala machungwa yenyewe. Mama hali, na mimi peke yangu nimechoka.

Sasa sikia habari. Chama cha wafanyakazi kimenipa kazi. Kiwanda kimeleta mkataba mpya, na tarehe 30 Agosti wanachama watapiga kura, waukubali au waukatae. Mimi ndiye karani wa daftari la wapiga kura. Don Belisario, katibu wetu, alinipiga bega akaniambia, “Mwandiko mzuri na mdomo mzito. Ndivyo nilivyokuwa nikitafuta.”

Kwetu sisi wa kudumu, mkataba wenyewe si mbaya. Tutakarabatiwa nyumba, na daktari atakuja kila wiki. Lakini kuna kifungu cha tisa: kuanzia mwakani wakata miwa wa msimu hawataajiriwa tena na kiwanda, bali na mawakala. Maana yake hawatakuwa wanachama, na hakuna wa kumlalamikia. Unawajua watu hao, wale wanaotoka Santiago kila Mei na wake zao na vyungu vyao na kulala mabandani. Sisi wa kudumu ni mia nne na kitu. Wao ni zaidi ya mia tano. Wakipiga kura, mkataba umekufa.

Don Belisario anasema wasiandikwe. “Hao ni ndege, Nicanor. Oktoba wanaruka. Mgeni wa chakula cha mchana ndiye akupangie nyumba yako?”

Jumanne alikuja mezani kwangu mmoja wao, Ciriaco Gerez, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Akavua kofia.

“Karani, mimi nimo?”

“Umo kwenye nini?”

“Humo daftarini.”

Nikamwambia jambo bado linajadiliwa. Akatabasamu. “Yaani mnatuuza, halafu hata bei hatuulizwi?” Akatoa karatasi yenye majina ya wenzake arobaini na tatu, wengi wametia dole gumba, wakiomba waandikwe. Nimeiweka kwenye droo.

Wewe ni mwakilishi wa chama huko kwenye kiwanda cha nguo, unayajua haya kuliko mimi. Nani hasa apige kura?

Mama anakusalimu. Mimi ni mdogo wako,
Nicanor


Barracas, Buenos Aires
25 Juni 1964

Mdogo wangu Nicanor,

Barua yako imefika. Kikohozi kipo, lakini tumezoeana. Dawa ya Mama naituma pamoja na soksi za sufu. Mwambie azivae, asizifungie sandukuni akisubiri kuzikwa nazo. Huku kiwandani tumefanya kazi siku tatu tu wiki iliyopita kwa sababu ya umeme.

Umeniuliza, nakujibu. Anayefungwa na mkataba ndiye anayeupigia kura. Hapa kwetu walitaka kuwaacha nje wanawake wanaoshona majumbani mwao, eti hawaonekani kiwandani. Nikawauliza wanaume wale: hizo tundu za vifungo mlizovaa zimejitoboa zenyewe? Tuligombana miezi miwili. Mwisho wakaandikwa.

Soma katiba ya chama chenu. Kama ni ileile ya zamani, inasema mpiga kura ni yule ambaye jina lake limo kwenye daftari la kazi la kiwanda siku ya kura. Haisemi wa kudumu wala wa msimu. Basi.

Na ile karatasi, Nicanor, usimwonyeshe mtu. Ikae kwako mpaka siku ya mkutano. Nakuomba kama dada yako.

Mama bado anafunga madirisha saa ya kulala mchana?

Eulogia


San Honorio
19 Julai 1964

Dada Eulogia,

Nisamehe kuchelewa. Soksi zimefika, Mama amezivaa. Ndiyo, bado anafunga madirisha, na siku hizi anatia na kitasa mlangoni. Anakaa kitandani ameshika rozari mpaka king’ora cha saa tisa.

Ciriaco Gerez haonekani. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 29 Juni. Saa saba mchana nyapara mkuu alituma aitwe ofisini. Walioko shambani walimwona akienda, panga kaliacha. Hakurudi. Nyapara anasema jamaa alidai hesabu yake akapanda gari moshi. Lakini stesheni hawajamwona, na mke wake, Dominga, bado yumo bandani na viatu vya mumewe vya Jumapili viko chini ya kitanda.

Unajua tayari watu wanasema nini. Wanasema Familiari, lile jibwa la shetani linalofugwa na kiwanda, amekula. Kila msimu mmoja, na mwaka huu ni yeye. Wanawake wa mabandani wanaapa walisikia mnyororo ukiburuzwa nyuma ya boila mchana ule, na kwamba mbwa wote wa kijijini walijikunyata chini ya magari ya miwa bila kubweka. Don Belisario mwenyewe, mtu mzima, ananiambia bila hata kupepesa, “Jibwa lile halipendi watu wenye maneno mengi.”

Lakini sikia ajabu yenyewe. Nilipochukua daftari la kazi kunakili majina, nikakuta Ciriaco yupo kazini. Tarehe 30 Juni, yupo. Julai mosi, yupo. Kila siku yupo, na miwa yake imepimwa. Nikaenda kumuuliza Zenón wa mizani. Alinivuta pembeni.

“Miwa inaletwa na mke,” akasema. “Inaletwa kwa jina la mume, nami naandika kwa jina la mume. Ila saa ya kulala mchana, mizani ikiwa tupu, huwa anakuja yeye.”

“Yeye nani?”

“Usinitajishe jina mchana huu. Anasimama pale kivulini. Hasemi kitu.”

Nikaenda shambani. Dominga alikuwa akikata kwa panga la mumewe, uso wote mweusi kwa masizi. Nikamuuliza kwa nini anatumia jina la Ciriaco.

“Hata alipokuwepo nilikuwa nakata kwa jina lake,” akasema. “Miaka tisa, karani. Anakata, nachambua, nakata, anafunga. Jina moja, mikono minne. Hujawahi kuniandika popote. Leo ndiyo unauliza?” Halafu akanyoosha mgongo. “Siku ya kura nitakuja kwa jina hilohilo. Utanirudisha?”

Nikageuka, nikarudi ofisini.

Tangu wiki iliyopita nafanya kazi ofisini saa ya kulala mchana, kwa kuwa ndipo pana utulivu. Alhamisi mlango uligongwa. Nikasikia sauti ya chini: “Karani, mimi nimo?” Nikafungua. Barabara nyeupe kwa jua, hakuna mtu hata mmoja, hakuna kuku. Ijumaa tena. Na jana.

Karatasi ile haiko tena kwangu.

Nicanor


Barracas
28 Julai 1964

Nicanor,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama foleni ya mkate, na nilipofika mbele nikasahau nilichotaka.

Sitauliza habari za jibwa. Nauliza hili tu: karatasi haiko tena kwako, iko kwa nani? Ilitoka drooni kwa miguu yake? Na ilitoka lini, kabla ya tarehe 29 Juni au baada?

Nijibu kwa mstari mmoja. Mama msalimie.

Eulogia


San Honorio
9 Agosti 1964

Dada,

Mama hajambo, mguu una nafuu. Tumechemsha locro ya mahindi na maboga siku ya Jumapili, tukawapelekea jirani kwa sababu sufuria ilikuwa kubwa na sisi wawili hatuna hamu. Kumekuwa na ukungu wa asubuhi, miwa ya upande wa mto imeungua kwa baridi. Don Belisario amenihakikishia paa la nyumba yetu litakuwa la kwanza kubadilishwa mkataba ukipita. Amenipa karatasi mpya za kuandikia daftari, amezipiga mstari mwenyewe. Zina nafasi mia nne na kumi na mbili, hakuna zaidi.

Nimehamisha meza yangu, nimeigeuzia mlango mgongo. Haikusaidia. Sasa sauti inatoka upande wa dirisha. Haigombi, Eulogia. Laiti ingegomba. Inauliza kwa adabu, kama mtu anayeogopa kukusumbua. Jana nilijibu, “Umo, umo, nenda zako!” na Mama, aliyekuwa ameniletea chai ya mate, akaniuliza nazungumza na nani. Akalitua birika mezani. Akasema, “Baba yako naye alikuwa akijibu hivyo.”

Anamaanisha nini?

Usiniulize tena habari ya karatasi.

Nicanor


Barracas
16 Agosti 1964

Mdogo wangu,

Nakuandikia Jumapili, chumba kimya, wenzangu wamekwenda kuangalia mpira. Niko salama. Salamu za Mama zisubiri. Barua hii usimsomee mpaka uwe umeimaliza mwenyewe.

Hukunijibu, kwa hiyo nimejua. Karatasi ulimpa Don Belisario, naye akampa nyapara mkuu, na jina la juu kabisa lilikuwa la Ciriaco Gerez. Pengine hukujua yatakayofuata. Pengine ulidhani watamfokea tu. Sikuhukumu, maana mimi nimefunga mdomo miaka thelathini.

Mwaka uliozaliwa wewe, mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tuliishi mabandani. Baba alikuwa mkata miwa kama wengine. Kulikuwa na mtu akiitwa Segundo Coria, mcheshi, alikuwa akinimenyea muwa na kunikatia vipande vidogo kwa sababu nilikuwa na jino bovu. Alikuwa akiwakusanya wanaume jioni, wazungumze habari za chama. Siku moja, saa ya kulala mchana, nilitoroka kitandani kwenda kuokota machungwa nyuma ya boila. Nikamwona Baba anatembea na Segundo, amemshika kiwiko, wanaongea kirafiki. Segundo alikuwa akicheka. Waliingia nyuma ya ghala la chokaa. Palikuwa na nyapara na watu wawili wengine pale wakisubiri. Baba alirudi peke yake. Alipita karibu nami kama hatua tano, hakuniona. Alikuwa anaburuza mnyororo wa kufungia magari ya miwa. Aliuburuza makusudi, ukilia kwenye mawe njia nzima, mbele ya mabanda yote.

Jioni ile watu wakasema Familiari amekula. Mwezi uliofuata tukapewa nyumba ya matofali, yenye michungwa uani.

Hakuna jibwa, Nicanor. Hakujawahi kuwa na jibwa. Kulikuwa na Baba. Kabla yake kulikuwa na mwingine, na baada yake amekuwapo mwingine, na mwaka huu wamekuchagua wewe kwa sababu una mwandiko mzuri.

Nilipotimiza miaka kumi na minane nilipanda gari moshi. Mlidhani nimefuata mwanamume. Baba alipokuwa anakufa mliniandikia nije, nami nikasema kiwanda hakinipi ruhusa. Kilinipa. Sikutaka kumshika mkono.

Sauti unayoisikia siwezi kukuambia ni kitu gani. Najua tu kwamba inauliza swali la haki, na jibu lake unalo wewe mwenye kalamu.

Dada yako,
Eulogia


San Honorio, banda namba sita
6 Septemba 1964

Dada yangu mpenzi,

Kwanza, tu hai sote wawili. Anwani utaona imebadilika, nitafika huko.

Barua yako niliisoma mara tatu, kisha nikazichana zile karatasi za mistari. Nilinunua daftari la shule, nikaandika majina yote, wa kudumu na wa msimu, mia tisa hamsini na tisa, jinsi yalivyo kwenye daftari la kazi. Jumamosi, mkesha wa kura, nikayabandika ukutani mwa ukumbi wa chama, na juu yake nikaandika kile kifungu cha katiba kwa herufi kubwa. Don Belisario alikuja akasimama nyuma yangu. “Umelogwa?” akaniuliza. Nikamwambia inawezekana.

Jumapili walikuja wote. Ukumbi haukutosha, tukatoa sanduku na meza tukaviweka barabarani. Ofisa wa kazi kutoka mjini alikuwepo, na nyapara mkuu alikuwa amesimama kwa mbali na wenziwe wa ofisini, kana kwamba wanapunga upepo. Kabla sijaanza kuita majina nilisimama juu ya kiti. Nikasema, “Ciriaco Gerez alinipa karatasi ya majina. Mimi nilimpa Don Belisario tarehe 27 Juni. Tarehe 29 Ciriaco akaitwa ofisini. Aliyeitoa karatasi ni mimi. Nimeona mlijue kutoka kwangu.”

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Zaidi ya watu mia tisa wamesimama juani, na ulikuwa unasikia miwa ikisuguana upande wa pili wa barabara.

Nikaanza kuita. Nilipofika herufi ya G, Don Belisario akaruka. “Huyo ametoroka kazini! Mfute!”

Nikainua daftari la kazi. “Hapa kiwanda kimeandika kwamba jana Ciriaco Gerez alikuwa kazini na miwa yake ikapimwa. Sahihi ni ya nyapara mkuu. Kama hayupo, basi nyapara atuambie hayupo tangu lini, na yuko wapi.”

Ofisa wa kazi akageuka kumtazama nyapara. Watu wote wakageuka. Nyapara akaanza kufuta kioo cha saa yake kwa kidole.

Basi nikaita. “Gerez, Ciriaco!”

Na sauti ikajibu, “Nipo.”

Dominga alikuwa mbele yangu kabisa, namtazama, na midomo yake ilikuwa imefumba. Sauti ilitoka nyuma, katikati ya watu. Sikuota: Zenón aliisikia, ofisa wa kazi aliisikia, maana aliandika “amejibu” kwenye karatasi yake kabla hajauliza nani. Watu wakasogea kushoto na kulia, polepole, bila kuambiwa, kama unavyompisha mtu aliyebeba mzigo. Ikabaki njia katikati, tupu, kuanzia mwisho wa umati mpaka mezani. Ilikaa wazi kitambo. Kisha Dominga akapita upande wa njia ile, si katikati, akachukua karatasi ya kura, akaikunja, akaitia sandukuni.

Alipokuwa anaondoka akaniinamia. Akasema kwa sauti ya kawaida, “Sijakusamehe, karani. Lakini endelea kuita.”

Nikaendelea kuita mpaka jua likazama.

Mkataba umekataliwa, na hata baadhi ya wa kudumu waliukataa. Kiwanda kimekubali kukaa tena mezani, na mawakala hawatajwi tena kwa sasa. Don Belisario amejiuzulu, anasema ni moyo. Mimi nimeachishwa kazi ya ofisini Jumatatu, na nyumba tukapewa siku mbili tuwe tumetoka. Watu wa mabandani walikuja kubeba vitu vyetu. Hakuna aliyeniambia asante wala pole. Walibeba kitanda cha Mama kama wanavyobeba miwa.

Jumatano alikuja hakimu na askari wawili, kwa sababu ofisa wa kazi alipeleka ripoti. Walichimba nyuma ya ghala la chokaa nusu siku. Ciriaco hakuonekana. Walichotoa ni bizimu ya mkanda, ya shaba, imeliwa na chokaa. Hakimu akaionyesha kwa Dominga, Dominga akatikisa kichwa kwamba si ya mumewe. Mama alikuwa amesimama kando na fimbo yake. Ilikuwa saa nane mchana, Eulogia, na Mama alikuwa nje. Akaomba aishike. Akaigeuza mara moja tu.

“Ni ya Segundo Coria,” akasema. “Andikeni.”

Barua yako nilikuwa sijamsomea. Sikuwahi kumtajia jina hilo.

Hakimu akamuuliza amejuaje. Akasimulia yote, bila kulia, mbele ya kila mtu, na jina la Baba akalitaja kamili, majina yote matatu. Usiku ule akalala bila rozari. Anauliza utakuja lini. Hasemi uje, anauliza lini.

Mimi sasa ni mkata miwa wa msimu. Zenón aliniandikisha kwa jina langu, na alipomaliza nikamwomba amwandike Dominga kwa jina lake. Alisita, halafu akaandika: Dominga Luna. Lile la Ciriaco hakulifuta. Hakuna aliyemwambia alifute.

Mikono yangu imechubuka hata kalamu inauma, ndiyo maana mwandiko umeharibika. Nimepangwa kukata pamoja na Dominga, yeye mstari wake, mimi wangu. Hatuongei. Leo asubuhi tulianza penye mfereji, na saa sita king’ora kilipolia tukanyoosha migongo na kugeuka kutazama tulikotoka. Mimi na yeye tu, hakuna mwingine kuanzia mfereji hadi barabarani.

Mistari iliyokatwa ilikuwa mitatu. Wa katikati ulikuwa umekatwa chini kabisa, safi, na majani yake yamelazwa upande mmoja. Dominga aliutazama, akaketi kwenye ukingo wake, akafungua kitambaa cha chakula. Akaumega mkate, kipande kimoja akakiweka chini kando yake, kingine akaninyooshea mimi.

Mdogo wako,
Nicanor